Kibano cha Ujiji na Sigara ya Jenerali: Tumbaku katika Michoro ya Kejeli

Kejeli ni silaha, na kila silaha ina mwenyewe. Anayetaka kujua silaha hiyo imeshikwa na nani ni lazima aulize kwanza nani anachekwa, na kwa faida ya nani. Tuchukue mfano wa tumbaku. Ni jambo dogo, lakini limechekwa pande zote mbili za bahari, na makada wa Kigoma, kuanzia Kidahwe hadi Ujiji, wana sababu ya kuufahamu mfano huu kwa kuwa sehemu yake moja ilitokea kwao.

Mnamo Februari 14, 1858, Waingereza wawili, Richard Burton na John Speke, walifika Ujiji kwa mtumbwi. Burton alikuwa hawezi kutembea sawasawa kwa maradhi ya miguu. Speke macho yalimwuma hata ziwa alilolifuata miezi mingi hakuliona vizuri. Wagonjwa hao waliishi kwa chakula cha soko la Ujiji. Miaka miwili baadaye Burton alichapisha London kitabu cha juzuu mbili, na humo wenyeji waliompokea wakageuka kichekesho. Anaeleza jinsi mtu wa Ujiji anavyochukua kibuyu au kijungu chenye tumbaku, akatia maji, akakamua, akayavuta maji yale puani, kisha akaibana pua kwa vidole au kwa kibano ili yasitoke upesi, huku akiendelea na mazungumzo kwa sauti ya puani.

Sina sababu ya kukana kwamba desturi hiyo ilikuwapo. Swali ni kwa nini ichekeshe. Huko huko Uingereza, Malkia Charlotte, mke wa Mfalme George wa Tatu, alipenda ugoro kupita kiasi hata akapewa jina la utani kwa ajili yake. Lakini ugoro wa jumba la kifalme ulikaa katika kikopo cha fedha, nao ukaitwa ustaarabu. Ugoro wa mvuvi wa Ziwa Tanganyika ulikaa katika kibuyu, ukaitwa ushenzi. Pua ni pua. Kilichotofautiana ni nani aliyeshika kalamu. Na Burton huyo huyo aliandika kwamba tumbaku na pamba vilipatikana sikuzote katika soko la Ujiji, maana yake palikuwa na wakulima, wachuuzi na bei. Habari hiyo inapita kwa sentensi moja. Kibano ndicho kilichobaki katika vichwa vya wasomaji wake.

Sasa tuvuke bahari. Mwaka 1775 ilichapishwa London picha ya kuwakejeli walowezi wa Virginia waliogombana na serikali ya Uingereza. Katika picha hiyo watu wanalazimishwa kutia sahihi mkataba wa kugomea biashara ya Uingereza, na juu yao pametundikwa lami na manyoya ya kumpaka atakayekataa. Meza wanayoandikia ni pipa la tumbaku, limeandikwa kwamba ni zawadi kwa John Wilkes, Meya wa London. Mchoraji anawacheka wanaodai uhuru kwa vitisho, na si vibaya. Ila pipa lenyewe limejazwa na nani? Tumbaku ya Virginia ililimwa na watumwa kutoka Afrika. Bwana amesimama mbele ya pipa, na jasho liko ndani yake.

Karne iliyofuata wachoraji wa Marekani waligundua kwamba tumbaku yafaa kumwumbua mkubwa. Mwaka 1862 Jenerali Ulysses Grant alishinda vita vya Fort Donelson. Magazeti yakaeleza kwamba alikuwa na sigara kubwa mkononi, na wananchi wakampelekea sigara kwa maelfu. Tangu hapo hakuna mchoraji aliyehitaji kuandika jina lake: ukiona sigara, umemwona Grant. Alipokuwa Rais na kugombea tena mwaka 1872, Matt Morgan wa gazeti la Frank Leslie alimchora kama dikteta mlevi, na wapinzani wake wakafurahi. Sigara iliyompa sifa ilimpa na kashfa. Hatimaye ilimpa saratani ya koo, iliyomwua Julai 23, 1885. (Mwaka huo huo Karl Peters alipata hati yake ya ulinzi huko Berlin, lakini hiyo ni habari nyingine.)

Kutoka hapo sigara ikapita kwa wachoraji wa mrengo wa kushoto duniani kote. Bepari wao ana kofia ndefu, kitambi na sigara mdomoni. Alama hii ilisaidia kuwaelimisha watu wasiojua kusoma. Lakini ina hatari yake, nayo ni kwamba inafundisha kuutambua ubepari kwa mdomo badala ya mkono. Kada anaweza kuacha kuvuta, akavaa nguo za kawaida, akajiona amejitakasa, na huku biashara ya zao lile ikaendelea vile vile. Burton alicheka pua, Morgan akacheka mdomo. Wote wawili walimchora mtumiaji. Mzalishaji hakuchorwa.

Tumbaku hulimwa Kasulu na Kibondo, si mbali na Kidahwe. Mchoraji kijana atakayetaka kazi aende chama cha msingi siku ya soko, mitumba ikiwa imepangwa na mteuzi akipita kutaja madaraja. Achore uso wa mkulima wakati mtumba wake unaposhushwa daraja, na kuni alizochoma kukaushia majani zikiwa zimeandikwa katika deni lake.