Kwa nini mfanyabiashara amwone mwanasheria kabla ya kusaini mkataba

Na Mwandishi Wetu

Mwezi Novemba 1884, Mangungo, mtawala wa Msovero katika nchi ya Usagara, aliweka alama yake kwenye hati aliyoletewa na Mjerumani Karl Peters. Hati hiyo iliandikwa kwa Kijerumani, na ndani yake ilielezwa kuwa mtawala huyo ameitoa nchi yake kwa ajili ya ukoloni wa Kijerumani. Februari 1885, Serikali ya Ujerumani ilitoa hati ya ulinzi juu ya maeneo yaliyopatikana kwa mikataba ya aina hiyo. Hadi leo, Mtanzania akitaka kuelezea mkataba uliosainiwa bila kueleweka, humtaja Mangungo.

Katika biashara, hatari hiyo ingalipo. Mfanyabiashara hukabidhiwa kurasa nyingi za mkataba wa mkopo, pango la fremu, ugavi wa bidhaa au uwakala. Huoneshwa mahali pa kusaini, naye husaini kwa kuogopa kupitwa na fursa. Maswali huanza siku mgogoro unapozuka, wakati ambapo majibu yake yameshaandikwa.

Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, katika kifungu cha 10, inaeleza kuwa makubaliano huwa mkataba yanapofanywa kwa hiari ya watu wenye uwezo wa kisheria wa kuingia mkataba, kwa malipo halali na kwa lengo halali. Ridhaa iliyopatikana kwa shuruti, udanganyifu au maelezo ya uongo inaweza kupingwa. Lakini kutosoma hati, au kuisoma bila kuielewa, kwa kawaida si utetezi. Mtu mzima mwenye akili timamu aliyesaini kwa hiari huchukuliwa kuwa amekubali yaliyoandikwa.

Aidha, ahadi za mdomo hazina nguvu ambayo wengi hudhani zinayo. Chini ya Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, masharti ya mkataba yakishawekwa katika maandishi, ushahidi wa mdomo haupokelewi kuyapinga au kuyabadili, isipokuwa katika mazingira machache. Mwenye jengo akisema “usijali, kodi haitapanda”, ilhali mkataba unamruhusu kuipandisha kila mwaka, kitakachotazamwa ni mkataba.

Chukua mfano wa mfanyabiashara anayeombwa na mwenzake amdhamini katika mkopo. Wengi huamini kuwa mdhamini ni shahidi tu wa uaminifu wa mkopaji. Kisheria, wajibu wa mdhamini unalingana na wa mkopaji, isipokuwa mkataba useme vinginevyo. Mkopaji akishindwa kulipa, mdai anaweza kumgeukia mdhamini. Ikiwa dhamana ni nyumba ya familia, suala linawagusa pia wasiokuwapo wakati wa kusaini; ndiyo maana Sheria ya Ardhi, Sura ya 113, inataka ridhaa ya mwenza kabla ya nyumba ya wanandoa kuwekwa rehani. Ushauri wa saa moja kwa wakili hauwezi kulinganishwa na gharama ya kupoteza makazi.

Mwanasheria hufanya nini hasa? Kwanza, hubaini unayeingia naye mkataba ni nani. Kumbukumbu za Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA) huonesha kama kampuni imesajiliwa na wakurugenzi wake ni akina nani. Huuliza pia kama anayesaini ana mamlaka ya kuifunga kampuni hiyo, kwa mfano kwa azimio la bodi.

Pili, hupima wajibu wa kila upande: nani anatoa nini, lini, kwa bei gani, na nani anabeba kodi zinazohusika. Tatu, huangalia namna ya kutoka: muda wa notisi, fidia, na kinachotokea mkataba ukivunjwa. Sheria huiruhusu Mahakama kutoa fidia inayostahili badala ya kiwango chote kilichotajwa katika mkataba kama adhabu, lakini kulifikia shauri hilo ni gharama na muda. Ni afadhali kurekebisha kipengele hicho kabla ya kusaini.

Nne, huangalia mgogoro utatatuliwa wapi: mahakamani, au kwa usuluhishi chini ya Sheria ya Usuluhishi ya mwaka 2020. Kipengele kinachotaka shauri lisikilizwe nje ya nchi kinaweza kumfanya mfanyabiashara mdogo ashindwe hata kudai haki yake. Tano, huhakikisha hati imelipiwa ushuru wa stempu pale unapohitajika, kwa kuwa hati isiyolipiwa inaweza kukataliwa kuwa ushahidi hadi ushuru na adhabu yake vilipwe.

Suala la lugha nalo ni la msingi. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na ya utoaji haki nchini, lakini mikataba mingi ya biashara bado huandikwa kwa Kiingereza. Mfanyabiashara aombe nakala ya Kiswahili, na mkataba useme ni nakala ipi itakayotawala iwapo maana zitatofautiana.

Izingatiwe pia kuwa mwanasheria wa upande wa pili, hata akiwa mkarimu, anamtumikia mteja wake. Tafuta wa kwako, na uhakikishe ni wakili mwenye leseni hai ya uwakili. Mahakama ya Tanzania ina mfumo wa e-Wakili unaowezesha kuthibitisha jambo hilo. Hati iliyoandaliwa na wakili inapaswa kuonesha jina na anwani ya aliyeiandaa.

Wakili hawezi kuondoa kila hatari ya biashara, wala kuamua kwa niaba yako. Kazi yake ni kukuwezesha kuamua ukijua. Hivyo, unapoletewa mkataba, omba nakala na siku chache za kuupitia. Mshirika mwenye nia njema atakupa muda huo. Anayekushinikiza usaini papo hapo amekupa sababu nyingine ya kutafuta ushauri kwanza.