Kula Njiani Biharamulo na Ngara: Tangu Misafara Mpaka Malori



Huku visiwani mtu akitaka kula nje anajua pa kwenda, na jioni kuna Forodhani. Lakini binti wa hapa akiposwa na mtu wa Ngara, mama zake huuliza mambo mawili: ni mbali kiasi gani, na huko njiani atakula wapi? La pili ndilo tunalolitazama leo, maana watu wa kwetu walishaliuliza katika njia hiyo hiyo zaidi ya miaka 160 iliyopita.

Mwaka 1861 Speke na Grant walipita Usui, nchi ya mtawala Suwarora, ambayo leo imo ndani ya Biharamulo na Ngara. Vitabu vya skuli husimulia Wazungu wawili tu, ilhali waliosimamia mizigo na kushika bunduki wengi wao walitoka Unguja, akiwemo Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani akafika India kabla ya kurudi kwetu. Hapakuwa na hoteli. Chakula kilinunuliwa kwa wanakijiji kwa shanga na nguo, na hata shanga zilikuwa na fasheni yake: rangi inayopendwa kijiji kimoja, kijiji cha mbele hawaitaki, na msafara ukalala njaa na mizigo imejaa. Wanawake nao walikuwamo katika misafara ya zama zile, wakibeba na kupika, ingawa majina yao hayakuandikwa.

Suwarora aliwatoza hongo nzito ya nguo, shanga na waya, akawachelewesha, na kila siku ya kungoja ilikula akiba yao. Novemba wakavuka kuingia Karagwe kwa Rumanika, na huko wakakuta amri imeshatolewa: wageni walishwe kwa gharama ya mfalme, wala wasitozwe kitu. Watawala wawili majirani, na mgeni ni yule yule! Tunaona hapo ndipo penye jibu la mama zetu. Katika njia ile, kula vizuri kulitegemea umemfikia nani.

Wajerumani walijenga boma lao Biharamulo, na jengo bado lipo, lakini boma halikubadili sana chungu cha mpita njia. Kilichobadili ni barabara, na msiba.

Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kuingia Ngara ndani ya siku moja hivi. Wakawekwa Benaco, mahali palipobeba jina la kampuni ya Kitaliani iliyojenga barabara. Mashirika yakaleta mahindi, maharage na mafuta, lakini kuni za kuyapikia zilitoka katika miti ya Ngara, na maji katika vyanzo vya Ngara. Ukarimu wa aina hiyo wenyeji huulipia muda mrefu baada ya wageni kuondoka. Wakimbizi wengi walirudishwa Desemba 1996. Leo Benaco ni kituo cha malori ya Kigali, na madereva wanakula hapo.

Kwa hiyo bibi harusi akipita Nyakanazi, Lusahunga, Nyakahura mpaka Benaco, chakula hakosi: wali, ugali, ndizi za kupikwa na maharage. Aangalie jiko zaidi kuliko meza. Penye kitimoto, aulize kama kikaango na mafuta ni vile vile vya chipsi na kuku. Na akipewa maji matamu ya ndizi, aulize yamekaa siku ngapi, kwani ndizi hizo hizo hutengenezewa rubisi, na rubisi ni pombe.

Juu ya nyama, tusiichukulie nyepesi desturi ya Tanzania kwamba mchinjaji ni Muislamu. Ndiyo inayotuwezesha kula bara bila ya hofu, lakini ina uchungu wake. Februari 2013, Buseresere mkoani Geita, si mbali na Biharamulo, ugomvi wa nani achinje ulimwaga damu na mchungaji mmoja akauawa. Basi muulize muuzaji kwa upole na kwa sauti ya kawaida, kama unavyouliza bei. Ukweni ambako si wote Waislamu, mume aseme mapema kabla mbuzi hajashikwa, ili mama mkwe asije akaona chakula chake kinakataliwa mezani.

Na pale shaka isipoondoka, kuna samaki. Sato na dagaa wa Ziwa Viktoria hufika Biharamulo kutoka upande wa Chato, na samaki hana suala la nani kachinja. Mwombe tu mpishi asimkaange katika yale mafuta ya kitimoto.