Wasichana wa Kilosa na Mpira wa Miguu: Tuliwaandika?

Majuzi nilikwenda Kilosa kwa msiba. Tulipotoka makaburini mama mmoja wa makamo alinisogelea, akanipa mkono na kuniamkia, "Shikamoo, Mwalimu." Niliitikia marahaba, lakini sura yake haikunijia upesi. Akacheka. "Mwalimu, umenisahau! Mimi ndiye yule winga wako wa kulia, tuliyekwenda Mikumi kwa lori."

Hapo nikamkumbuka. Tulisimama chini ya mwembe tukaulizana habari za watu, nani yu hai na nani ametangulia. Halafu akaniuliza swali ambalo mpaka leo linanisumbua. "Mwalimu, wewe ndiye uliyekuwa na daftari la michezo. Tuliandikwa?"

Mazungumzo yangu ya leo ni jibu la swali hilo.

Ilikuwa mwaka 1993. Nilikuwa kijana, mwalimu wa michezo katika chuo kimoja cha wilaya ya Kilosa. Wale wenye umri wangu wanaukumbuka vizuri mwaka ule. Simba ya Dar es Salaam ilifika fainali ya Kombe la CAF, ikatoka suluhu ugenini na Stella ya Abidjan, kisha ikafungwa mabao mawili kwa bila hapa nyumbani. Nchi nzima ilikuwa imetega masikio kwenye Radio Tanzania. Pale Kilosa stesheni, abiria wa Reli ya Kati, wauza ndizi na makuli walizunguka redio moja kama watu waliofika kilioni.

Katika mwaka huo huo wasichana kumi na wanane wa chuo chetu walikuja ofisini kwangu wakasema wanataka kucheza mpira wa miguu. Niliwaambia netiboli ipo. Wakajibu kwamba netiboli wanaijua tangu darasa la tatu, wao wanataka mpira wa miguu.

Tukumbuke kidogo jambo hili lilitoka wapi. Netiboli na soka vyote vililetwa na Waingereza, na vililetwa vikiwa vimekwisha kugawanywa: wavulana mpira wa miguu, wasichana netiboli. Sisi tulipokea mchezo pamoja na mgawanyo wake, halafu baada ya miaka tukaanza kusema kwamba huo ndio utamaduni wetu. Kumbe hata kwao Uingereza mgawanyo huo haukuwa wa asili. Tarehe 26 Desemba 1920, timu ya wanawake wa kiwanda iliyoitwa Dick, Kerr Ladies ilicheza katika uwanja wa Goodison Park, mjini Liverpool, mbele ya watazamaji wapatao 53,000. Mwaka uliofuata, 1921, Chama cha Soka cha Uingereza kikapiga marufuku wanawake kutumia viwanja vya klabu zake, kwa hoja kwamba mchezo huo hauwafai. Marufuku hiyo ilidumu karibu miaka hamsini. Kwa maneno mengine, Waingereza walipokuwa wanatufundisha kwamba mwanamke hachezi soka, walikuwa wametoka kumfukuza uwanjani.

Mimi mwaka 1993 sikuyajua hayo. Sikujua hata kwamba miaka miwili kabla, mwaka 1991, Kombe la Dunia la kwanza la wanawake lilikuwa limechezwa huko China, Marekani wakaifunga Norway mabao mawili kwa moja katika fainali, na kwamba Nigeria ilikuwa imeiwakilisha Afrika. Sikujua kwamba Marekani walikuwa na sheria tangu mwaka 1972 inayokataza ubaguzi wa kijinsia katika shule na vyuo vinavyopokea fedha za serikali, na kwamba kutokana na sheria hiyo vyuo vyao vilijaa timu za wasichana. Wengi wa wachezaji wao walioshinda China walikuwa wametoka katika timu hizo za vyuo. Nilichojua mimi ni kwamba uwanja ni mmoja, mipira ni miwili, na wavulana wana mechi Jumamosi.

Basi wasichana wakapewa uwanja alfajiri, kabla ya usafi na gwaride. Walifanya mazoezi peku, umande ukiwa haujakauka. Palizuka mjadala wa mavazi. Wazee wa mji walisema bukta ni aibu, na baadhi ya walimu wenzangu wakasema hivyo hivyo. Wasichana wenyewe wakamaliza mjadala: wakavaa suruali za mazoezi ndani, bukta za wavulana juu, na fulana za shule za netiboli. Walionekana kama watu waliovaa nguo zao zote kwa siku moja. Lakini walicheza.

Msimu wao ulikuwa na mechi tano. Ninazikumbuka kwa kuhesabu safari. Mbili zilichezwa Kilosa mjini, moja Kimamba kwenye mashamba ya mkonge, moja ilichezwa chuoni kwetu, na ya mwisho Mikumi.

Hiyo ya Mikumi ndiyo iliyobaki moyoni. Barabara ya Kilosa kwenda Mikumi ilikuwa ya vumbi, na katikati yake kuna mahali panapoitwa Ulaya. Wasichana walipofika hapo waliimba na kupiga vigelegele kwamba timu yao imefika Ulaya kabla ya Simba na Yanga. Mikumi, kama mjuavyo, ni mji wa njia panda. Hifadhi ya Taifa iliyoanzishwa mwaka 1964 iko mlangoni, na barabara kuu iendayo Zambia inapita katikati ya wanyama. Uwanja tuliochezea ulikuwa karibu na barabara hiyo. Wapinzani wetu walikuwa mchanganyiko wa wanafunzi, mama lishe na wahudumu wa nyumba za wageni. Madereva wa malori walisimama kwanza kwa kucheka. Baada ya robo saa hakuna aliyecheka tena. Walikuwa wanabishana juu ya kuotea. Nyani walikaa pembezoni wakisubiri maganda ya machungwa.

Tulifungwa mbili kwa moja. Hilo moja alifunga huyo mama aliyenisalimu makaburini, kwa mguu wa kushoto, ingawa alikuwa winga wa kulia. Walilia njiani mpaka Ulaya, halafu wakaanza kuimba tena.

Sasa nirudi kwenye swali. Tuliandikwa?

Mwisho wa mwaka niliandika taarifa ya michezo ya chuo. Nakala yake ninayo, kwa sababu mimi ni mtu wa kuhifadhi karatasi. Timu ya wavulana ina kurasa tatu: tarehe, matokeo, wafungaji, walioumia, hata jina la mwamuzi aliyetudhulumu. Netiboli ina nusu ukurasa. Kuhusu mechi tano za soka za wasichana nimeandika sentensi moja: "Wasichana pia walishiriki michezo mingine mbalimbali."

Watu wa Kilosa wamezoea kusema kwamba kumbukumbu zetu zilichukuliwa na maji. Ni kweli mto Mkondoa umetudhuru mara nyingi, na mafuriko ya mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010 yalibomoa nyumba na reli, watu wakaishi kwenye mahema. Lakini msimu ule haukuchukuliwa na maji. Daftari lilikuwa kavu na kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Mimi ndiye sikuuandika.

Pengine mtu atasema, mechi tano za wilayani, kuna hasara gani? Nitasema hasara ilivyo. Mwaka huo huo wa 2010, timu yetu ya taifa ya wanawake, Twiga Stars, chini ya kocha Charles Boniface Mkwasa, ilifika kwa mara ya kwanza fainali za Afrika huko Afrika Kusini. Ilipoteza michezo yote mitatu: Afrika Kusini mbili kwa moja, Mali tatu kwa mbili, Nigeria tatu kwa bila. Watu wakasema, "Hawa wameanza juzi tu." Ligi Kuu ya wanawake ilipoanzishwa msimu wa 2016/17, Mlandizi Queens wakawa mabingwa wa kwanza, tukasema tena kwamba mambo ndiyo yanaanza. Mwaka 2022 wasichana wetu wa chini ya miaka 17, Serengeti Girls, walikwenda Kombe la Dunia huko India, wakaifunga Ufaransa mbili kwa moja, wakatoka sare na Kanada, wakafika robo fainali. Tukashangaa, kana kwamba wametoka mawinguni. Julai 2025 Twiga Stars walirudi fainali za Afrika, huko Moroko, wakatoka sare ya moja kwa moja na Afrika Kusini, waliokuwa mabingwa watetezi.

Ndugu wasikilizaji, kila mara tunasema wanaanza, kwa sababu waliotangulia hatukuwaandika. Na anayeonekana kila siku ni mgeni hupewa uwanja wa alfajiri, mpira uliochoka na bukta za kuazima. Mwenye historia hudai haki yake kwa kuonyesha karatasi. Wale wasichana wa 1993 hawakuwa na karatasi ya kuonyesha, na waliokuja chuoni baada yao waliambiwa kwamba hapa wasichana hawajawahi kucheza soka. Nina hakika waliambiwa hivyo, maana mwaka 1996 mimi mwenyewe nilimsikia mwalimu mwenzangu akilisema, nami nikanyamaza.

Yule mama alinisikiliza chini ya mwembe mpaka nikamaliza. Hakunilaumu. Alisema tu kwamba binti yake anacheza katika timu ya shule, na siku moja alipomwambia kwamba yeye pia alicheza, binti alidhani mama anatania. Kisha akafungua mkoba, akatoa kalamu. "Basi andika sasa, Mwalimu."

Nimeandika. Majina kumi na wanane, kadiri tulivyoweza kuyakumbuka wawili sisi, na mechi tano, na bao la Mikumi. Karatasi hiyo siisomi hapa redioni, kwa kuwa majina ni yao na wengine sijawaomba ruhusa. Nimempa yeye nakala ya kumwonyesha binti yake. Nyingine nimeibandika kwenye ile taarifa ya 1993, juu ya sentensi yangu.

Na nyinyi walimu wa michezo mnaonisikiliza, wa Kilosa, wa Mikumi na kwingineko, daftari mnalo. Jumamosi hii wasichana wakicheza, andikeni nani kafunga.