Kabla ya polima tulikuwa na sandarusi na chakazi

MAJUZI nilialikwa kuzungumza na wanafunzi wa kidato cha nne katika shule moja ya upili eneo la Ndhiwa, Kaunti ya Homa Bay. Walikuwa wamefika mada ya polima katika kemia. Walizitaja bila kusita: polithini, nailoni, poliesta. Nikawauliza, “Sasa polima ni kitu gani hasa?” Kimya. Kisha msichana mmoja akainua mkono: “Prof, ukitueleza kwa Kiswahili pengine tutaelewa. Ama Kiswahili hakina hayo maneno?”

Hebu tulijibu swali hilo kwa historia.

Kwanza, neno polima si la Mwingereza. Lilibuniwa mwaka wa 1833 na mwanakemia wa Uswidi, Jöns Jacob Berzelius, kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya ‘nyingi’ na ‘sehemu’. Hata yeye hakulitumia kwa maana tuliyo nayo leo. Ni mwaka wa 1920 ambapo Mjerumani Hermann Staudinger alidai kuwa vitu kama mpira ni minyororo mirefu ya molekuli ndogo zilizoshikana. Wenzake wengi walimpinga. Alipata Tuzo ya Nobel mwaka wa 1953.

Mwaka uo huo wa 1833, Seyyid Said, mtawala wa Oman na Zanzibar, alifanya mkataba wa biashara na Marekani. Miongoni mwa bidhaa ambazo wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walizifuata Zanzibar ni sandarusi. Huu ni utomvu mgumu wa mti, uliochimbwa ardhini katika pwani ya bara, ukapelekwa ng’ambo kutengenezea vanishi.

Waswahili hawakuuita utomvu wote sandarusi, wakaishia hapo. Ule mbichi, ambao haujakomaa, waliuita chakazi. Msafiri Mwingereza Richard Burton, katika kitabu chake cha 1860, anaeleza kuwa wafanyabiashara walilivuruga neno hilo likawa ‘jackass’, yaani punda dume! Kumbe sisi pia tumewahi kuwakopesha Waingereza istilahi, ingawa waliipokea vibaya.

Kemia ya leo inathibitisha tofauti hiyo. Katika chakazi, molekuli hazijaungana vya kutosha, kwa hivyo ni laini na huyeyuka upesi zaidi. Katika utomvu uliokaa ardhini miaka mingi, molekuli zimeshikana zikawa polima ngumu, na ndiyo maana vanishi yake ilithaminiwa zaidi. Mchimbaji hakuijua molekuli, lakini aliijua tofauti na akaipa jina. Elimu ya vitu na sifa zake huanzia hapo.

Ndhiwa haina sandarusi, lakini ina miwa na mihogo. Wanga wa muhogo ni polima ya sukari ndogo iitwayo glukosi. Selulosi, iliyomo katika makapi ya muwa unayotema, pia ni polima ya glukosi iyo hiyo. Tofauti ni namna vipande vilivyoungwa. Ukiungwa hivi, unakuwa chakula. Ukiungwa vile, tumbo la binadamu haliwezi kuuvunja. Tena wanga huo ukichemshwa kwa maji, siki na gliserini kidogo, kisha ukakaushwa, hutoa utando kama plastiki. Je, kuna maabara isiyoweza kumudu hayo?

Basi tatizo si uhaba wa maneno. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, Dar es Salaam, ilichapisha kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka wa 1990. Kabla ya hapo, mwaka wa 1982, Tume ya Makweta ilipendekeza Kiswahili kifundishie shule za sekondari Tanzania kuanzia 1985. Serikali haikutekeleza. Nasi Kenya tulikifanya Kiswahili lugha rasmi katika Katiba ya 2010, ila mlango wa maabara tukauacha umefungwa.

Simwombi mwalimu aasi silabasi. Mtihani ni wa Kiingereza, na mtoto lazima aupite. Ninachoomba ni mwanafunzi aelewe kwanza, kwa Kiswahili au Dholuo, ndipo akariri majina.

Nilipomaliza, yule msichana alicheka. “Kumbe ugali ni polima!”

Naam, binti yangu. Sasa waweza kuendelea na nailoni.