Tanga na Pangani: Bandari Mbili za Nchi ya Meru

Tanga na Pangani ni miji jirani ya pwani ya kaskazini mwa Tanzania, iliyoachana kwa chini ya kilomita 60 kwa barabara. Yote miwili ina uhusiano wa zamani na Arusha, jiji lililo chini ya Mlima Meru: Pangani kwa maji, Tanga kwa reli. Mto Themi unaokatiza jiji la Arusha humwaga maji yake katika Kikuletwa. Kikuletwa nao hukutana na Ruvu kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu, na kuanzia hapo ndio Mto Pangani, unaoshuka hadi Bahari ya Hindi.

Katika karne ya 19 mji wenye jina ulikuwa Pangani. Misafara ya pembe za ndovu ya kwenda Usambara, Kilimanjaro na nchi ya Wamasai ilijipanga hapo, na kandokando ya mto watumwa walilimishwa miwa. Wasafiri Waingereza Burton na Speke walifika mwaka 1857. Mwaka 1888 kampuni ya Kijerumani ilipotaka kutwaa forodha na kupandisha bendera yake, vita vililipuka, vikiongozwa na Abushiri bin Salim, mwenye shamba la miwa. Alinyongwa huko huko Pangani Desemba 1889.

Vita viliuumiza mji, lakini kilichoupokonya biashara ni fungu la mchanga lililoko mlangoni mwa mto. Meli kubwa hazikuweza kuingia. Tanga ilikuwa na ghuba yenye kina, tena iliyotulia, na ndiko Wajerumani walikoanzia reli mwaka 1893. Kazi ilisuasua: Korogwe mwaka 1902, Mombo 1905, Moshi 1911. Arusha ilisubiri hadi 1929, chini ya Waingereza. Na zao lililokuja kuijazia reli hiyo mizigo lilianzia Pangani! Miche ya mkonge ambayo Mjerumani Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo, aliiagiza kutoka Florida mwaka 1893 ilifika ikiwa hai 62 tu, ikapandwa Kikogwe, karibu na mji huo uliokuwa ukipitwa.

Kwa mgeni, Tanga ni mji rahisi kuuzoea. Mitaa ya Ngamiani ilipimwa kwa mistari iliyonyooka na kupewa namba, hivyo mtu huelekezwa "Barabara ya Nane" na kufika bila kupotea. Mji huo ndio uliovamiwa na majeshi ya Uingereza Novemba 1914, katika Vita Kuu ya Kwanza, yakashindwa na jeshi dogo zaidi la Wajerumani. Nyuki waliovurugwa kwa risasi walizidisha tafrani. Kaskazini yako mapango ya Amboni. Kusini, njiani kwenda Pangani, ni Tongoni, penye gofu la msikiti na makaburi ya nguzo ya Waswahili wa kale. Hapo ndipo pa kutua kwa muda mrefu zaidi. Pangani yenyewe ina nyumba kongwe zinazotazama mto, na ng'ambo ya pili ni Bweni, kulikozoeleka kuvukwa kwa pantoni.

Treni ya abiria iliyorejea Arusha mwaka 2020 huelekea Dar es Salaam kupitia Mnyusi, haigusi Tanga. Kwa hiyo mkazi wa Sokon I, kata ya Arusha, hupanda basi, hupita Moshi, Same na Korogwe, hukata kushoto Segera, na anayekwenda Pangani hubadilisha gari Muheza au Tanga mjini.