Shaq, Kobe na Simba Asiye na Mwenyewe

Ukitaka kuharibu mazoezi ya basketi jioni pale Kitale, uliza swali moja tu: Lakers wangebaki na nani, Shaq ama Kobe? Mpira utawekwa chini. Vijana ambao mwaka 2004 walikuwa hawajazaliwa watabishana kama watu waliokuwa ndani ya kile kikao. Wa Kobe watakutajia mataji ya 2009 na 2010. Wa Shaq watakutajia Miami, 2006, halafu watauliza kwa nini Kobe alikaa miaka yote hiyo bila taji baada ya kumsukuma mwenzake nje. Giza linaingia, hakuna aliyeshinda, kila mtu anaenda zake.

Nimeusikia ubishi huu mara nyingi hadi sasa najiuliza kitu kingine. Si nani alifaa kubaki, bali nani alikuwa na uwezo wa kuamua. Na nikifika hapo akili yangu hutoka Los Angeles na kurudi nyumbani, kwa sababu hii barabara inayotoka Kitale ikapita Kiminini na Kamukuywa hadi Webuye, kisha Bungoma, ina kisa chake cha nyota wawili katika timu moja. Timu yenyewe ilikuwa chama. Alama yake simba.

Lakini tumalize ya Lakers kwanza.

Wote wawili waliingia mwaka mmoja, 1996. Shaquille O'Neal alitoka Orlando akiwa tayari jina kubwa. Kobe Bryant alikuwa na miaka 17, ametoka shule ya upili moja kwa moja. Charlotte walimchagua akiwa wa 13, wakampeana kwa Lakers na kumchukua Vlade Divac. Aliyepanga mambo yote mawili ni Jerry West. Wakatwaa ubingwa 2000, 2001 na 2002, na mara zote tatu mchezaji bora wa fainali alikuwa Shaq. Hapo ndipo shida ilipokuwa. Kobe hakutaka kuzeeka akiitwa msaidizi. Shaq naye hakuona kwa nini mtoto asimpe mpira. Ikafika mahali Kobe anasema hadharani kwamba mwenzake anakuja kambini akiwa mnene, na Shaq anamjibu kupitia waandishi wa habari.

Fainali ya 2004 wakapigwa na Detroit, mechi nne kwa moja. Angalia mechi ya nne peke yake: Shaq alipata pointi 36 na ribaundi 20. Kobe alirusha mara 25, zikaingia 8. Kama ni mizani ya usiku ule, hakuna mjadala, unabaki na Shaq.

Mwenye timu, Jerry Buss, alitumia mizani nyingine. Shaq alikuwa na miaka 32 na alitaka mkataba mpya wa pesa nyingi sana. Kobe alikuwa na 25, mkataba wake umeisha, na Clippers, majirani wa mji huohuo, walikuwa wanamvuta. Kuna jambo ambalo ubishi wa uwanjani hulipita haraka, nami sitalipita: Kobe wakati huo alikuwa anakabiliwa na mashtaka ya kumdhulumu mwanamke kingono huko Colorado. Mashtaka yalifutwa Septemba 2004 baada ya mlalamishi kuamua kutotoa ushahidi, na kesi ya madai ikamalizwa kwa makubaliano mwaka uliofuata. Buss alifanya uamuzi wake kabla ya hayo yote kuisha. Tarehe 14 Julai 2004 Shaq akapelekwa Miami. Siku iliyofuata Kobe akatia sahihi mkataba wa miaka saba.

Buss hakuwa mgeni wa kazi hiyo. Mwaka 1983 alikuwa na walinzi wawili wanaotaka kushika mpira uleule, Norm Nixon na Magic Johnson. Nixon ndiye aliyekuwa pale kwanza. Nixon ndiye aliyeondoka, akaenda kwa Clippers, na upande wa pili akaja kijana anaitwa Byron Scott. Lakers wakachukua mataji matatu zaidi katika miaka hiyo ya themanini, Scott akiwa ndani.

Hilo neno, "upande wa pili akaja", ndilo nataka ulishike. Shaq alipoenda Miami hakwenda bure. Walikuja Lamar Odom, Caron Butler, Brian Grant na haki ya kuchagua chipukizi. Msimu wa kwanza ulikuwa aibu, ushindi 34 na vipigo 48, na Miami wakabeba taji 2006 huku mashabiki wa Kobe wakitafuta pa kujificha. Lakini Butler alibadilishwa na Kwame Brown, na Brown akawa sehemu ya kifurushi kilichomleta Pau Gasol 2008. Odom alikuwa bado yupo. Kwa hiyo yale mataji ya 2009 na 2010 yana jasho la Shaq ndani yake. Waliachana, na mwenye timu akabaki na kitu mkononi.

Sasa turudi huku kwetu.

FORD ilianza 1991 kama vuguvugu la kudai vyama vingi, na mmoja wa wazee sita waliosimama mbele alikuwa Masinde Muliro, mzee ambaye uwanja wa Kanduyi pale Bungoma una jina lake. Agosti 1992 Muliro alirudi kutoka London, akaanguka na kufariki uwanja wa ndege Nairobi. FORD ikapasuka mwaka huohuo. Kenneth Matiba akachukua FORD-Asili, Jaramogi Oginga Odinga akabaki na FORD-Kenya. Desemba 1992 kila kipande kikapata viti 31 bungeni, na Moi akarudi Ikulu kwa takriban asilimia 36 ya kura. Wazazi wetu bado wakiitaja hiyo hesabu wanatikisa kichwa.

FORD-Kenya ilisimama kwa miguu miwili: Nyanza, na upande wetu huu wa Bungoma na Trans Nzoia. Juu alikaa Jaramogi. Si kwamba chini yake kulikuwa na amani. Mwaka 1993 naibu wake, Paul Muite, alijiondoa. Lakini chama hakikuvunjika, kwa sababu kila mtu alijua mzee ni nani.

Tarehe 20 Januari 1994 mzee akafariki.

Kiti kilimwendea Michael Wamalwa Kijana, mbunge wa Saboti, mtu wa Kitale. Alikuwa amesoma sheria Cambridge, akafundisha Chuo Kikuu cha Nairobi, na akifungua mdomo hata wapinzani walisikiliza kwa raha. Watu waliomwona jukwaani wanasema aliongea polepole, kama mtu asiye na deni popote. Upande wa pili kulikuwa na Raila Odinga, mbunge wa Langata, mhandisi aliyesomea Ujerumani Mashariki, mtu aliyefungwa bila kesi miaka na miaka. Raila hakuwa mtu wa kungoja. Alijua kupanga vijana, matawi, magari, kelele. Mmoja alikuwa sauti ya chama, mwingine alikuwa injini yake. Usinilazimishe niseme nani hapo ni Shaq na nani ni Kobe. Nimejaribu na haikai. Hata umri haukusaidii. Wamalwa alizaliwa 25 Novemba 1944, Raila 7 Januari 1945. Wiki sita! Buss angalau alikuwa na miaka saba ya kupimia.

Kwa hivyo nani aamue? Kwa karatasi, wajumbe. Mwaka 1995 wakakutana Thika kuchagua viongozi, na mkutano ukaishia kwa vurugu. Wamalwa akabaki na kiti, Raila akabaki na watu wake, na chama kikawa na vichwa viwili kwa zaidi ya mwaka. Mwisho wa 1996 Raila akatoka, akachukua chama kidogo cha NDP ambacho alama yake ilikuwa tingatinga. Wewe unayemjua kama "Tinga", jina lilianzia hapo. Mapema 1997 akarudisha kiti chake cha Langata kwa tiketi mpya.

Na upande wa pili alikuja nani? Hakuna. Hapa hakukuwa na Odom wala Butler. Mguu wa Nyanza uliondoka karibu wote, isipokuwa wachache kama James Orengo wa Ugenya aliyebaki na simba. Uchaguzi wa Desemba 1997, FORD-Kenya ikapata viti 17, NDP 21. Kwa urais Raila akawa wa tatu, Wamalwa wa nne, na Moi akashinda tena kwa asilimia 40 hivi. Jumlisha 17 na 21 unapata 38, kimoja tu chini ya DP ya Kibaki iliyokuwa ya pili. Najua siasa si hesabu ya darasa la nne, na kura za watu wawili hazijumlishwi hivyo. Lakini siwezi kuacha kuijumlisha.

Kuna rafiki yangu wa Bungoma ambaye nikimweleza haya hukasirika. Ananiambia, wewe unatafuta nini, unataka chama kiwe na mmiliki kama Buss? Si hiyo ndiyo shida yetu? Ana haki kunikatiza. Timu ya basketi ni mali ya mtu. Akiamka vibaya anaweza kuuza nyota kwa hasira, na shabiki atalia tu kwa mto wake. Chama kikiwa hivyo, wewe si mwanachama, wewe ni shabiki. Tena ukitazama vizuri, mwenye neno la mwisho FORD-Kenya alikuwepo. Ni Jaramogi. Na ndiyo sababu alipoondoka hakukuwa na kitu: chama kilikuwa kimezoea neno la mtu mmoja hadi hakikujifunza kuhesabu kura zake chenyewe. Lakers wana ligi juu yao, yenye sheria za mikataba na siku ya mwisho ya kubadilishana wachezaji. Hata Buss na Shaq wakichukiana vipi, kuna karatasi ambayo wote wawili wanaiheshimu. Thika karatasi ilikuwepo pia. Haikuheshimiwa.

Kwa hiyo nikiulizwa leo FORD-Kenya ilifaa kubaki na nani, jibu langu linawaudhi watu wa pande zote: yeyote kati yao, mradi aliyeshindwa angeamini hesabu. Wamalwa akiwa mwenyekiti na Raila akimwamini kwamba ameshinda, hicho ni chama kikubwa. Raila mwenyekiti na Wamalwa akibaki kuwa sauti yake, hicho pia ni chama kikubwa. Walichopata ni vyama viwili vya kati, na Moi akapata miaka mingine mitano.

Baadaye walicheza tena pamoja. Raila aliingia KANU, akatoka kwa kishindo Oktoba 2002, na Wamalwa alikuwa tayari ameungana na Kibaki na Charity Ngilu. Wote wakajikuta ndani ya NARC, chini ya mtu wa tatu. Januari 2003 Wamalwa akawa Makamu wa Rais na Raila waziri. Hainishangazi, Shaq na Kobe pia, mwaka 2009, walivaa jezi moja usiku mmoja kwenye mechi ya nyota wote na wakagawana tuzo ya mchezaji bora. Urahisi wa kupatana huja kila mtu akishapoteza alichokuwa anagombea. Lakini ya huku hayakudumu. Tarehe 23 Agosti 2003 Wamalwa alifariki London, akaletwa kuzikwa nyumbani Kitale.

Simba akabaki, na mchezo ukaanza upya. Musikari Kombo akachukua chama, Mukhisa Kituyi akaenda zake na New Ford Kenya 2007. Kisha Moses Wetang'ula. Mwishoni mwa Mei 2020, katikati ya korona, kikundi cha Wafula Wamunyinyi na Eseli Simiyu kilitangaza kwamba kimemwondoa Wetang'ula, naye akasema hajaondoka popote. Mambo yakaenda kwa msajili wa vyama na kortini. Wetang'ula akabaki na simba. Hao wengine wakaunda DAP-Kenya, na aliyekuja kukiongoza ni Eugene Wamalwa, ndugu yake Kijana.

Uchaguzi wa 2022, Bungoma ilimchagua Ken Lusaka kuwa gavana kwa tiketi ya FORD-Kenya. Kitale, mji aliozikwa Kijana, na kaunti yote ya Trans Nzoia ikampa George Natembeya wa DAP-Kenya, na mgombea wa simba akashindwa.