Uongezaji nguvu wa injini katika Safari Rally

Uongezaji nguvu wa injini ni ufundi wa kurekebisha injini ya gari la kawaida ili ivute hewa na mafuta zaidi na kuyachoma vizuri zaidi. Ulishamiri California, Marekani, hasa kwa injini za Ford V8 zilizoanza kuuzwa mwaka 1932. Afrika Mashariki ulipata uwanja wake katika Safari Rally, mbio za magari zilizoanza mwaka 1953 zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika.

Mbinu. Fundi hukwangua uso wa chini wa silinda hedi ili chumba cha mwako kipungue na mgandamizo uongezeke. Hupanua na kulainisha njia za hewa, hufunga kabureta mbili badala ya moja, na kuweka kemshafti inayoacha valvu wazi kwa muda mrefu zaidi. Mgandamizo ukizidi ubora wa petroli, injini hugonga na pistoni huweza kutoboka.

Mazingira. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, hivyo huwekwa jeti ndogo zaidi za kabureta ili petroli ipungue. Vumbi hudai vichujio imara.

Ushindi. Joginder Singh, dereva wa Kenya, alishinda mwaka 1965 kwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumika, kisha 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Shekhar Mehta alishinda mara 5 kwa Datsun. Ushindi huo ulithibitisha kwamba katika Safari, uimara una thamani sawa na kasi.